Mfaransa aliyeyakubali masizi

Nimekuwa kimya siku nyingi. Sio mgao wa umeme wala sijafukuzwa kazi. Nilikuwa na deni, na leo nalilipa hapa hapa kibarazani kwangu kwa sababu kule nilikokopea hawakutaka kulipokea.

Deni lenyewe ni hili. Miaka michache iliyopita, nikiwa bado naandikia gazeti moja (jina naliweka kapuni), niliandika makala ya kulalamika. Nikasema ni aibu nchi yenye gesi ya Songo Songo na Mtwara kuagiza gesi ya mitungi kutoka nje wakati "ni gesi ile ile". Nikaongeza kwa mbwembwe kwamba kwa gesi hiyo hiyo tungeweza kufyatua viti na ndoo za plastiki mpaka tukachoka. Makala ikatoka Jumatano. Nikapongezwa. Shangazi alikata kipande akakibandika ukutani.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Alikuwa mwalimu wangu wa kemia wa sekondari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, umeandika uongo."

Sikujua niseme nini. Akaendelea taratibu, kama vile yuko ubaoni. Gesi ya kwenye mtungi wa mama yako, akasema, ni propani na butani. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani. Huwezi kuitia kwenye mtungi ule wa jikoni ikatulia kuwa kimiminika kama propani. "Unafananisha dagaa na papa kwa kuwa wote wametoka baharini," akasema. Halafu akaniuliza: "Na hizo ndoo zako, unajua propani inageukaje kuwa ndoo? Unajua ni kitu gani kilichowatesa wataalamu hapo katikati?" Nikasema sijui. "Masizi," akasema, "nenda kasome habari za Houdry." Akakata simu.

Nilimfuata mhariri nikamwomba tuchapishe masahihisho. Akacheka. Akaniambia makala ya jana ni karatasi ya kufungia maandazi, hakuna anayekumbuka. Basi. Ila mimi nilikumbuka, na kile kipande cha shangazi bado kilikuwa ukutani. Kwa hiyo nikaanza kusoma, kidogo kidogo, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza propani yenyewe. Ni chembe yenye kaboni 3 na hidrojeni 8. Ukiinyang'anya hidrojeni 2, inabaki na kaboni 3 na hidrojeni 6, na hapo inaitwa propilini. Propilini ndiyo mama wa plastiki iitwayo polipropilini. Angalia ulipokaa. Kiti cha plastiki, gunia la salfeti la mchele, beseni, kamba ya kuanikia nguo, barakoa za mwaka 2020, hata ile mifuko laini kama kitambaa iliyojaa sokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku hapa Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Nyingi ya vitu hivyo ni polipropilini.

Kunyang'anya hidrojeni mbili tu. Linasikika jambo dogo, sio? Lakini propani haitaki kuachia. Unahitaji joto la nyuzi 600 hivi, na hata hapo, kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, ni karibu nusu tu ya propani inayokubali kugeuka. Unahitaji pia kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuliwa. Hivyo ndivyo tulivyokariri shuleni: kichocheo hakiliwi. Kwenye mtihani ni sahihi. Kiwandani kichocheo kinaugua, kinazeeka na kinakufa. Kwenye joto lile baadhi ya chembe huvunjika kupita kiasi, zinaacha kaboni tupu, na kaboni ile inagandia juu ya kichocheo kama masizi kwenye sungusungu la sufuria. Kikishafunikwa, gesi inapita tu kama mgeni asiyejua mlango wa kuingilia.

Hapa nikakumbuka jiko la mchina. Waliokulia kwenye mafuta ya taa mtanielewa. Tambi zinatoa moto wa buluu mzuri, halafu baada ya muda moto unakuwa mwekundu, moshi unajaa, sufuria zinakuwa nyeusi. Mama alikuwa haendi kununua tambi mpya. Alikuwa anaacha mafuta yaishe kabisa na jiko linaendelea kuwaka hadi tambi zinajichoma zenyewe uchafu wote. Ukitia mafuta tena, buluu inarudi. Ila siku moja nilijifanya najua, nikaziacha zikaungua kupita kiasi. Zikasinyaa, jiko likafa, na mimi nikala fimbo. Kumbukeni fimbo hiyo, tutairudia.

Sasa twende kwa Houdry.

Eugène Houdry alizaliwa mwaka 1892 Domont, karibu na Paris. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vyuma. Kijana akasoma uhandisi wa mitambo (sio kemia, angalieni hapo), akamaliza mwaka 1911, na alikuwa pia nahodha wa timu ya soka ya chuo. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta, akapigana kwenye vifaru na kujeruhiwa mwaka 1917. Baada ya vita akawa mtu wa magari ya mashindano. Na mpenda magari yeyote wa Ufaransa wakati ule alikuwa na swali moja: petroli itatoka wapi? Ufaransa haikuwa na mafuta ya maana chini ya ardhi yake.

Houdry akajaribu kwanza kutengeneza petroli kutokana na makaa duni ya mawe, lignaiti. Serikali ikamsaidia, na mwaka 1929 mtambo ukafunguliwa Saint-Julien-de-Peyrolas, wenye uwezo wa kuchakata tani 60 kwa siku. Ulifanya kazi, lakini gharama zilizidi mapato, ukafungwa. Watu wengi wangeishia hapo wakalaumu serikali. Yeye akageukia mafuta mazito ya petroli, ile tope nzito inayobaki baada ya kuchuja vyepesi, akatafuta namna ya kuivunja kwa kichocheo.

Wazo hilo halikuwa geni. Kule Marekani, Almer McAfee wa kampuni ya Gulf alikuwa ameshavunja mafuta kwa kichocheo cha kloridi ya alumini miaka ya 1910. Yalivunjika vizuri tu. Tatizo ni kwamba kichocheo kilikuwa kinaishia kwenye tope na gharama ya kukirudisha ilikuwa kubwa mno. Ni sawa na mama ntilie ambaye kila akipika lazima atupe sufuria. Chakula kizuri, biashara hakuna.

Houdry alijaribu vichocheo vingi sana katika maabara yake, hadi akaangukia kwenye udongo wa silika na alumina. Lakini kwa maoni yangu, na mnaruhusiwa kunipinga, udongo ule haukuwa ugunduzi wake mkubwa kuliko yote. Wenzake waliona masizi kama dalili ya kushindwa. Wakatafuta kichocheo kisichopata masizi. Houdry, kwa kuwa ni fundi wa injini na sio mkemia wa vitabuni, aliyakubali. Akasema, kwa vitendo, masizi yatakuja tu. Basi tusipigane na kuja kwake, tupange ratiba ya kuyachoma.

Na ratiba yenyewe ilikuwa ya dakika. Unapitisha mafuta kwenye tungi la kichocheo kwa kama dakika 10. Kabla hakijazibwa kabisa, unafunga valvu, unafagia mvuke wote wa mafuta uliobaki ndani (ukisahau hapo, mvuke na hewa vinakutana na unaweza kulipua mtambo mzima), halafu unaingiza hewa na masizi yanaungua. Wakati tungi hili linasafishwa, jingine linafanya kazi. Kwa hiyo kiwanda hakisimami hata kama kila tungi linasimama. Kama daladala za kupokezana zamu.

Kampuni ya Vacuum Oil ikamwita Marekani mwaka 1930, mwaka uliofuata ikaundwa Houdry Process Corporation, na mwaka 1933 Sun Oil ikaingia. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1936 huko Paulsboro, New Jersey, mapipa 2,000 kwa siku. Mwaka 1937 Sun Oil wakawasha mkubwa zaidi Marcus Hook, Pennsylvania, mapipa 12,000 kwa siku. Karibu nusu ya kilichoingia kilitoka kikiwa petroli ya daraja la juu, wakati njia ya zamani ya joto tupu ilitoa kama robo. Na moto wa kuchomea masizi haukupotea bure. Joto lake lilirudishwa kazini, na Marcus Hook moshi wake wa moto ulizungusha mtambo wa kusukuma hewa ya kuchomea masizi mengine. Uchafu unalipia usafi wake wenyewe! Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka chumba.

Katika Vita vya Pili vya Dunia mitambo hiyo ilitoa sehemu kubwa ya petroli ya ndege ya oktani 100 kwa Marekani na washirika wake. Houdry mwenyewe hakukaa kimya. Ufaransa ilipoangukia kwa Wajerumani mwaka 1940, yeye akiwa Marekani aliongoza chama cha France Forever kilichomuunga mkono Jenerali de Gaulle. Serikali ya Vichy ikamvua uraia mwaka 1941. Mtu aliyemwaga damu kwa nchi yake akaambiwa sio mwenzetu. Januari 1942 akawa raia wa Marekani.

Mtauliza, propani iko wapi katika haya yote? Ndio inakuja.

Wakati Houdry anahangaika na mafuta mazito, wengine walikuwa wanahangaika na gesi nyepesi. Mwaka 1933 Frey na Huppke wa Phillips Petroleum walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa oksidi ya kromi inaweza kuondoa hidrojeni kwenye ethani, propani na butani. Mwaka 1940 mtambo wa kufanya hivyo kwa butani, kwa kromi juu ya alumina, ukafanya kazi Billingham, Uingereza. Vita ilitaka butani igeuzwe ili kupata petroli ya ndege na mpira wa kutengeneza. Shida ikawa ile ile: masizi, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu joto ni kubwa zaidi.

Kampuni ya Houdry ikaleta dawa yake ile ile. Matungi kadhaa, kazi ya dakika chache, fagia, choma, rudi. Lakini kwa propani na butani kuna uzuri wa ziada. Kunyang'anya hidrojeni kunakula joto. Kila propani inapogeuka inapoza kichocheo. Kuchoma masizi kunatoa joto. Basi ukipanga vizuri, moto wa kusafishia ndio unaokipasha moto kichocheo kwa zamu inayofuata. Pumzi ya ndani na pumzi ya nje. Njia hiyo ndiyo asili ya teknolojia iitwayo Catofin, ambayo mpaka leo inageuza propani kuwa propilini. Mtambo uliowashwa Houston mwaka 2010 ulitumia njia hiyo, na China nayo ikaanza kujenga mitambo ya aina hii kwa kasi katika miaka ya 2010.

Sasa ile fimbo. Mnakumbuka tambi nilizoziunguza? Kila unapokichoma kichocheo, unakisafisha na papo hapo unakizeesha. Vishimo vya alumina, ambamo kazi hufanyika, vinaanguka na kuzibana. Kromi inazama ndani ya alumina na hairudi tena juu. Baada ya miaka 2 au 3 ya kuchomwa kila baada ya dakika chache, hakuna moto utakaokifufua. Unakitoa na kuweka kipya. Na hapo kuna jambo ambalo mfanyakazi wa kiwandani analijua kwa mapafu yake: kromi ya hatua ya sita ni sumu inayosababisha saratani. Kukitoa kichocheo kilichokufa sio kama kumwaga majivu.

Upande wa pili wa historia ni wa platini. Vladimir Haensel, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1914 na kukulia Moscow, alikuwa anafanya kazi kampuni ya UOP. Akasema tutumie platini kuboresha petroli. Platini! Ya kwenye pete! Lakini alionyesha kuwa kiasi kidogo sana kilichotawanywa juu ya alumina kinatosha ikiwa kitadumu, na mtambo wa kwanza ukaanza Muskegon, Michigan, mwaka 1949. Mwaka 1971 UOP wakaja na jambo jingine: badala ya kusimamisha tungi ili usafishe kichocheo, kichocheo chenyewe kitembee. Punje ndogo kama ulezi zinashuka polepole kutoka tungi moja hadi jingine, zikifika mwisho zinapandishwa kwenye mnara wa kusafishia, halafu zinarudishwa juu kuanza upya. Safari nzima inachukua siku kadhaa. Mwaka 1990 mtambo wa propani wa aina hiyo, jina lake Oleflex, ukaanza kazi Thailand.

Platini ina ugonjwa wake. Ikichomwa, vijipande vyake vidogo vinakimbiliana na kuungana kuwa mabonge, kama matone ya mafuta juu ya supu inayopoa. Bonge likiwa kubwa, platini ya katikati haifanyi kazi yoyote, umeilipia bure. Kwa hiyo kwenye ule mnara, kuchoma masizi ni hatua ya kwanza tu, tena kwa oksijeni kidogo ili moto usizidi. Baada ya hapo wanapitisha klorini pamoja na oksijeni, na klorini inayabomoa mabonge na kuitawanya platini upya. Kisha wanakausha, kisha wanaipitishia hidrojeni ili iwe metali tena. Hiyo ndiyo maana ya kuhuisha. Kusafisha ni jambo moja, kumrudisha kila mmoja mahali pake ni jambo jingine.

Na ili mabonge na masizi yachelewe, platini inawekewa mwenzake, stani, yaani lile bati halisi la kupakia makopo. Peke yake stani haiwezi kazi hii. Ila ikikaa katikati ya chembe za platini inazitenganisha, na inaifanya propilini iondoke mapema kabla haijavunjwa ikawa masizi. Siku hizi maabara mbalimbali wanajaribu kuifungia platini ndani ya vijumba vidogo vya zeolaiti ili isipate nafasi ya kukimbilia wenzake, na wengine wanajaribu galiamu. Lengo ni lile lile: siku nyingi zaidi kati ya moto mmoja na mwingine.

Houdry hakuyaona haya yote. Miaka ya 1950 alikuwa ameshahamia kwenye tatizo jingine, moshi wa magari, akatengeneza kichocheo cha kuusafisha kwenye bomba la kutolea moshi. Lakini petroli ya wakati ule ilitiwa risasi, na risasi inakiua kichocheo moja kwa moja, hakuna cha kuchoma wala klorini. Akafariki mwaka 1962 bila kuona gari za kawaida zikitumia wazo lake. Marekani walianza kwa wingi kwenye magari ya mwaka 1975. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006. Kuna masizi unayoweza kuyachoma na kuna sumu ambayo lazima uizuie mlangoni.

Nirudi kwenye deni langu. Masahihisho ni haya: Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay sio gesi ile ile ya mitungi. Karibu yote ni methani. Inazalisha umeme, inaendesha viwanda na magari, inaweza kufikishwa majumbani kwa bomba, lakini huwezi kuichuja ukapata propani ya kutosha mitungi ya nchi nzima, wala ndoo. Makosa ni yangu, sio ya mhariri, sio ya mtu mwingine yeyote.

Jumapili iliyopita nilienda kwa shangazi. Nikamweleza. Akasikiliza, akabandua kile kipande cha gazeti ukutani, akakitazama kidogo, akakitumia kuwashia jiko la mkaa. Chai ikachemka. Halafu nikampigia mwalimu, nikamsomea andiko hili lote kwa simu mpaka vocha ikakaribia kukata. Alinisahihisha mahali pawili, nimeshapatengeneza.

Nikamuuliza kama sasa tumemalizana.

"Kwa leo," akasema. "Utaandika tena uongo, mwanangu, kila anayeandika sana huandika. Wewe usisubiri mpaka tambi zife."

Tuonane wiki ijayo panapo majaaliwa.